Mkalamu nyumbani: kuupanda, kuulaza na kuuamsha kwa hali ya hewa ya Mtwara na Lindi

Mvua za kwanza zikishanyesha, Novemba au Desemba, maswali juu ya mkalamu huanza, na kila mwaka ni yaleyale. "Nimechimba kiazi chake porini, nimekipanda, mbona hakitoki?" "Ulichanua vizuri, mwezi wa tano ukanyauka wote, nimeukosea nini?" "Mbuzi wangu akiula je?" Nayajibu yote hapa kwa pamoja, na kwa hali ya hewa yetu ya kusini yenye msimu mmoja mrefu wa mvua. Maelekezo mengi yaliyopo mtandaoni yaliandikiwa watu wa nchi za baridi wanaopanda ndani ya nyumba za vioo. Ukiyafuata Masasi au Kilwa utakuwa unamwagilia wakati mmea umelala.

Mkalamu ninaousema ni ule wa porini unaoparamia vichaka, jina lake la kitaalamu *Gloriosa superba*. Kama hujui kwa jina, unaujua kwa sura. Ua lina petali sita zilizokunjamana kingo, zote zimejigeuza kurudi nyuma, na stameni sita, vile vijiti vyenye chavua, zimetanuka pembeni. Likifunguka huwa la kijani na njano, siku chache baadaye linakuwa njano chini na jekundu juu, likizeeka linakuwa jekundu lote. Ndiyo maana shina moja linaweza kuwa na maua ya rangi tatu kwa wakati mmoja. Jani nalo halina mfano: ncha yake inarefuka, inakuwa nyembamba, kisha inajisokota kwenye chochote inachokigusa. Mmea unapanda kwa ncha hizo. Zimbabwe wameufanya ua lao la taifa, na jimbo la Tamil Nadu kule India ni ua la jimbo. Huko India wakulima wanaulima kwa ajili ya mbegu, zinazouzwa viwandani kutengenezea dawa. Sisi tunaufyeka pamoja na magugu.

Ukikumbuka jambo moja tu katika haya yote, liwe hili: mkalamu unalala karibu nusu ya mwaka. Wengi wanaoupoteza wanaupoteza kwa kuuhurumia ukiwa usingizini.

Kwanza, sumu

Sitaki hili uliruke. Mkalamu wote ni sumu, kuanzia ua hadi mzizi, na palipo pabaya zaidi ni kiazi na mbegu. Sumu yake inaitwa kolchisini. Hospitalini kolchisini hutumika kutibu jongo, lakini kiasi kinachotibu na kiasi kinachoua vinakaribiana mno, kwa hiyo anayekushauri uchemshe kiazi chake kwa ajili ya maumivu ya viungo mkatalie, hata kama ni mtu mzima unayemheshimu.

Kwetu hatari hii ina sura yake. Huku kusini tunakula ming'oko. Watu wanaingia porini na majembe kiangazi, wanachimba viazi vya mwitu, wanachemsha, wanauza barabarani, na mtoto wa miaka saba anajua kwamba kiazi kirefu chembamba kilichotoka ardhini ni chakula. Kiazi cha mkalamu nacho ni kirefu, ni chembamba, na kimetoka ardhini. Kiangazi shina lake limeshakauka na kupotea, hakuna ua la kukuonya. Sri Lanka na India watu wamekufa kwa kukidhania kiazi kikuu au kiazi kitamu.

Aliyekula huanza saa chache baadaye: koo na mdomo kuwaka, kutapika, kuharisha sana. Anaweza kupata nafuu kidogo mkadhani yamekwisha, kumbe sumu inaendelea kuharibu viungo vya ndani. Msisubiri, na msipoteze muda na maziwa wala mafuta ya nazi. Mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo, mkibeba kipande cha mmea ili daktari ajue anapambana na nini.

Kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni, subiri akue. Panda asumini kwanza.

Mahitaji

- Kiazi kimoja au zaidi, kila kimoja kikiwa na ncha nzima (hatua ya 2 inaeleza).
- Ndoo ya rangi ya lita 20 iliyosafishwa na kutobolewa matundu sita au nane chini, au sehemu ya bustani isiyotuamisha maji.
- Udongo wa kichanga, mboji au samadi iliyooza kabisa, na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa.
- Fito nyembamba au kipande cha wavu kuukuu wa kuvulia.
- Glovu. Mifuko ya plastiki iliyofungwa mikononi inatosha.
- Majivu ya kuni, ngumi moja.
- Kibao na rangi ya kuandikia neno SUMU.

Maganda ya korosho yasikaribie udongo huu. Najua yapo bure na yamejaa kila mahali, lakini mafuta yake yanababua ngozi yako, na mizizi michanga haitayapenda pia.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta kiazi mapema, kwa ruhusa. Wakati wa kuutambua mkalamu ni Februari na Machi, ukiwa na maua. Wakati wa kuuchimba ni kuanzia Juni, ukiwa umelala. Katikati hapo shina hukauka na kupeperuka, kwa hiyo weka alama mapema: funga kitambaa kwenye mti wa jirani, si kwenye shina lenyewe, kisha chomeka kijiti pale linapotokea ardhini. Pazuri pa kuchimba ni shamba linalofyekwa upya, ambako mmea ungechomwa tu. Omba mwenye shamba. Hifadhi za misitu kama Rondo usiziguse; kuchukua mazao ya msitu wa hifadhi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na "ni ua tu" haitakusaidia.

Anza kuchimba mbali na kijiti, kama nusu mita, ukisogea taratibu. Kiazi kinaweza kuwa sentimita 15 hadi 30 chini. Ukikikaribia weka jembe pembeni, tumia kijiti na vidole. Kinavunjika upesi kuliko muhogo.

2. Kikague kabla ya kukipanda. Hapa ndipo penye jibu la "mbona hakitoki". Kishike kiazi mkononi ukitazame. Ngozi ni ya kahawia, na umbo ni herufi V au L: mikono miwili, mara nyingi mmoja mrefu kuliko mwenzake. Kwenye kona inapokutana mikono utaona kovu la shina la mwaka jana na mabaki ya mizizi. Sasa fuata kila mkono hadi mwisho wake, unakochongoka. Pale kwenye ncha kuna jicho dogo jeupe, pengine lenye wekundu kidogo, halizidi kichwa cha njiti ya kiberiti. Jicho hilo ndilo mmea wa mwaka ujao. Kiazi cha mkalamu hakina macho mengine mwilini kama mbatata. Ncha ikivunjika, mkono ule umekufa hata kama ni mnene na mzuri wa kutazama.

Chagua kiazi kigumu, kinene angalau kama kidole gumba. Kilicholegea kidogo bado kinafaa. Chenye harufu au sehemu inayobonyea kwa maji tupa, tena kifukie shimoni, usikiache jalalani.

3. Chagua mahali. Mizizi inataka ubaridi, majani yanataka jua. Upande wa mashariki wa nyumba unafaa sana: jua la asubuhi hadi saa sita, kisha kivuli. Chini ya mkorosho uliotanda ni giza mno, utapata majani matupu. Isitoshe shina linachipua wakati watu wanaokota korosho na watalikanyaga. Usipande karibu na muhogo, viazi, au jikoni. Kibao cha SUMU kisimikwe siku hiyohiyo, kabla hata ya kuchipua, kwa sababu wewe utasahau na mgeni hajui.

4. Changanya udongo. Sehemu mbili za kichanga, moja ya mboji, na konzi mbili za makumbi ya nazi kwa ndoo. Waliopo Newala na Tandahimba, udongo wenu mwekundu wa juu unafaa kwa kuuongezea mboji tu. Wa Mikindani, Msimbati na pwani ya Lindi mna mchanga mwingi, kwa hiyo zidisheni mboji ili maji yasikimbie yote. Udongo mweusi wa mbugani, ule unaopasuka kiangazi, achaneni nao. Kiazi kitaoza kabla ya Krismasi.

5. Panda mvua zinapoanza kushika. Laza kiazi ubavu, mikono yote miwili ikiwa sambamba na ardhi, kina cha sentimita 5 hadi 10. Kwenye mchanga mtupu nenda hiyo 10. Bustanini acha sentimita 30 kati ya kiazi na kiazi. Ndoo moja viazi viwili, vitatu ukikazana. Kwenye ndoo elekeza jicho kuelekea katikati, maana shina linatokea pale penye jicho na likiwa limebanwa na ukingo huna pa kusimika fito.

6. Mwagilia mara moja, kisha ngoja. Mwagilia hadi maji yatoke kwenye matundu. Baada ya hapo ongeza maji pale tu udongo ukikauka sentimita mbili za juu, hadi kichipukizi kitokeze. Huchukua wiki mbili hadi nne, pengine zaidi. Usifukue kuchungulia. Kichipukizi kilicho chini ya udongo kinakatika kwa kuguswa na kidole, na kikikatika msimu huo umekwisha. Kwa kawaida kiazi hakitoi kingine hadi mwaka ujao, kama kitakuwa na nguvu. Kwa hesabu yangu ya maswali ninayoletewa, uchunguzi wa aina hii unaua mikalamu kuliko wadudu wote.

7. Simika egemeo kabla hakijatokeza, au siku hiyohiyo. Ukichelewa utatoboa kiazi kwa fito. Lifike mita mbili. Liwe jembamba, unene wa kalamu ya risasi au chini ya hapo, kwa sababu ncha ya jani ni fupi na haiwezi kuzunguka mwanzi mnene. Wenzangu wa pwani tuna bahati: wavu kuukuu ambao mvuvi ameshaukataa ni egemeo bora kuliko lolote la dukani. Utundike ukutani au kati ya nguzo mbili, shina litapanda tundu kwa tundu lenyewe. Msaada wako ni kulielekeza mwanzoni. Usilifunge kamba ya kubana.

8. Wakati wa kukua. Mvua zetu za Januari hadi Machi zinafanya kazi karibu yote. Zikikatika zaidi ya siku tatu au nne, mwagilia asubuhi, chini, si juu ya majani. Mbolea si lazima kama mboji ilikuwa nzuri. Ukitaka, nusu kijiko cha chai cha NPK kwa ndoo, mara moja kwa mwezi, mbali na shina, na uache maua yakianza. Samadi ya kuku mbichi itaunguza. Palizi ifanyike kwa mkono.

9. Maua. Tarajia tumba kama miezi miwili baada ya kuchipua. Ua moja linakaa wiki hivi, na yanafuatana kwenda juu, kwa hiyo shina zuri litakufurahisha zaidi ya mwezi. Ukitaka kukata ya chombo, kata ua na kikonyo chake kifupi, au kipande kidogo cha shina chenye majani mawili. Ukikata shina refu lenye majani kumi, umekula chakula cha kiazi cha mwakani. Vaa glovu, chavua yake inatia madoa, na maji ya chombo yamwagwe mbali na kuku.

10. Uache ulale. Mwishoni mwa Aprili au Mei majani yanaanza kuwa manjano kutoka chini. Hapa ndipo mikono inawawasha watu: wanaongeza maji, wanaongeza mbolea. Acha. Kiazi kipya kimeshajengwa chini na cha zamani kimenywea. Mmea umemaliza kazi. Simamisha maji kabisa. Shina likauke lenyewe hadi livutike kwa urahisi. Ndoo isogeze chini ya upenu, mahali pakavu penye kivuli, na usiitie tone la maji hadi Novemba. Iliyo ardhini kwenye kichanga iache palepale. Wenye mikorosho msiwe na wasiwasi wa salfa, ile dawa ya mikorosho: mnapopuliza, mkalamu uko chini umelala.

11. Kugawanya, kila baada ya miaka miwili. Juni au Julai mwaga ndoo juu ya kiroba. Kila shina lililokua vizuri litakuwa limeacha V mpya. Ukitaka iwe miwili, ivunje kwenye kona, mradi kila mkono una ncha yake. Paka majivu kwenye kidonda, anika kivulini siku tatu au nne, kisha panda au hifadhi kwenye kopo la mchanga mkavu. Kopo liandikwe, lifungwe, liwekwe juu. Lisikae stoo moja na viazi vya kula hata kwa usiku mmoja.

Kwa njia ya mbegu

Inawezekana, na ndiyo njia isiyonyang'anya pori, lakini ni ya mwenye subira: mbegu hadi ua ni miaka miwili hadi minne. Tunda likianza kukauka na kupasuka utaona mbegu nyekundu. Ondoa nyama ya juu kwa glovu, anika kivulini, hifadhi pakavu. Mbegu mbichi kwa kawaida haioti upesi, inahitaji miezi kadhaa ya kupumzika, na kwa bahati kalenda yetu inaipa hiyo: unavuna Mei, unapanda Novemba. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu usiku mmoja na mchana wake, panda kina cha sentimita moja kwenye viriba, weka kivulini. Nyingine zitaota baada ya wiki tatu, nyingine miezi mitatu, ndani ya kiriba hichohicho. Mwaka wa kwanza utapata majani machache na kiazi kidogo mno. Kilaze kama vikubwa.

Kama mmea wako unachanua na haushiki matunda, tazama ua: kijiti cha katikati kinachopokea chavua kimepinda pembeni kabisa, mbali na stameni. Porini ndege aina ya chozi na vipepeo hufanya kazi hiyo. Uani kwako chukua stameni iliyopasuka, asubuhi mapema, igusishe kwenye ncha ya kile kijiti kilichopinda. Tumia ua la shina jingine kama unalo.

Matatizo na tiba yake

*Wiki ya sita hakuna kitu.* Kama ni ndoo, ingiza kidole pembeni kabisa. Udongo ukinuka uozo, kimekwisha. Ukiwa mkavu na hauna harufu, endelea kungoja. Kiazi kilichochimbwa vibaya kinaweza kulala msimu mzima.

*Majani mengi, ua hakuna.* Ni kivuli, au kiazi bado kidogo. Sogeza kwenye jua la asubuhi, na mwaka ujao utaona tofauti.

*Majani ya chini manjano Februari.* Maji yanatuama. Angalia matundu ya ndoo, mara nyingi mzizi au makumbi yameyaziba. Inua ndoo juu ya mawe mawili.

*Ncha za majani kukauka kahawia.* Wa kando ya bahari wachunguze kisima kwanza. Maji yenye chumvi yanafanya hivyo. Kinga maji ya mvua ya bati, utaona majani mapya yanatoka safi.

*Shina limekatwa usiku kwa chini.* Sota (kiwavi anayekata mashina) au konokono. Fukua udongo wa juu kuzunguka shina asubuhi mapema, utamkuta sota amejikunja. Kwa machipukizi mapya, chomeka kipande cha chupa ya plastiki kama ukuta.

*Viwavi kwenye majani.* Watoe kwa mkono wenye glovu asubuhi na jioni. Kwa mashina mawili matatu ya nyumbani sioni haja ya kununua dawa.

*Tumba zinaanguka kabla ya kufunguka.* Udongo ulikauka sana kisha ukamwagiliwa kwa fujo. Tandaza majani makavu juu ya udongo ili unyevu usiyumbe.

*Mbuzi ameula.* Mtenge, mwite mtaalamu wa mifugo mara moja, usingoje dalili. Nyama na maziwa yake visitumike hadi mtaalamu aseme.

*Umechipua Septemba, mvua bado.* Hutokea, hasa ndoo ikipata unyevu kutoka kwenye ukuta au maji ya kuoshea vyombo. Usijaribu kuurudisha usingizini kwa kuunyima maji. Umeshaanza kutumia akiba ya kiazi na haiwezi kurudi. Mwagilia kidogokidogo, uweke penye jua la asubuhi, simika wavu. Utachanua mapema na utalala mapema, na pengine utaamka tena kwa wakati wake mwaka unaofuata, mradi ndoo umeihamisha palipo pakavu.